Bhoke Yupi, Tarime Ipi: Namna ya Kuunganisha Taarifa za Ofisi Nyingi

Desemba, shule zikishafungwa, ndipo msimu wa tohara na ukeketaji huanza Ukuryani, mkoani Mara. Tuseme binti wa miaka 13, tumwite Bhoke, anatoroka usiku kutoka kijiji kimoja cha Tarime kwa sababu amesikia siku yake imepangwa. Jina ni la kutunga. Njia anayopita ni ile ambayo wasichana wengi wa Mara wameipita.

Alfajiri anabisha kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti anampigia mtendaji wa kijiji, naye anaandika kwenye daftari lake. Dawati la Jinsia na Watoto polisi linafungua jalada na kutoa PF3, fomu ya kumpeleka hospitali. Hospitali inamwandikisha kama mgonjwa mpya. Afisa Ustawi wa Jamii anajaza fomu yake. Nyumba salama inampokea na kumwingiza katika rejesta. Januari mwalimu anaita majina, Bhoke kimya, anaandikwa mtoro. Mtoto mmoja sasa yumo katika madaftari sita, kwa tahajia tatu na kwa umri unaotofautiana. Mtu akiuliza, "Yuko wapi leo, na nani anamwangalia?" hakuna ofisi itakayojibu bila kwanza kupiga simu nne.

Kama wewe ni Afisa TEHAMA, mratibu wa takwimu au Afisa Ustawi uliyekabidhiwa kazi ya kuunganisha mifumo ya halmashauri na wadau wake, haya ni maelekezo yako. Nimeyaandika kwa kumfuata Bhoke, kwa sababu ukiweza kuunganisha taarifa zake bila kumpoteza wala kumhatarisha, mishahara na ushuru havitakushinda.

Anza na swali la mtu mmoja

Kazi hizi kwa kawaida huanza kwa kuorodhesha mifumo. Utaandika DHIS2 ya takwimu za afya, GoT-HOMIS ya hospitali, PREM ya wanafunzi, GePG ya malipo, halafu mishahara, mapato, manunuzi. Orodha itajaa kurasa tatu na kikao kitaipongeza. Lakini haitakuambia kipi kiungane na kipi, wala kwa faida ya nani.

Chukua swali moja ambalo mtu huuliza kweli, na ambalo lisipojibiwa mtu huumia. Liandike juu ya karatasi. Kwa Bhoke tayari tunalo. Kwa Afisa Wanyamapori wa Serengeti linaweza kuwa: mkulima huyu wa Robanda ambaye tembo walimmalizia mahindi, madai yake ya kifuta jasho yamefika wapi? Ukilifuata swali la namna hii utakuta linapita kwenye ofisi nne au tano tu. Hizo ndizo za kuunganisha mwaka huu. Nyingine zingoje.

Tazama mfumo wa malipo ya serikali, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017. Kila taasisi ilibaki na shughuli zake. Walichokubaliana ni namba moja ya kumbukumbu ya malipo, ambayo mlipaji, benki, kampuni ya simu na taasisi inayodai wote wanaitambua. Mama anayelipia leseni Sirari hajui chochote kuhusu seva, ila namba anayo kwenye ujumbe wa simu, na kila mmoja wa hao anaweza kuitaja.

Fuata karatasi kwa miguu

Usiamini maelezo ya ofisini. Panda bodaboda, anzia kwa mtendaji wa kijiji, fuata taarifa hadi inapoishia. Kila unapofika usimwombe mtu akueleze utaratibu, maana atakusomea mwongozo. Mwambie: "Nionyeshe la mwisho uliloandika." Halafu uliza nani aliandika, saa ngapi baada ya tukio, nani atasoma, na kama kuna mahali pengine ambapo jambo hilo hilo huandikwa tena.

Katika ofisi moja niliyoketi siku nzima, niliambiwa taarifa za watoto hupelekwa kwa barua rasmi kila mwezi. Hadi adhuhuri nilikuwa nimeona zimetumwa mara tano kwa WhatsApp, kwa kupiga picha ukurasa wa rejesta. Katika kila picha, juu na chini ya jina lililokusudiwa, yalionekana majina ya watoto wengine. Aliyetuma hakuwa mzembe. Mtoto alikuwa kwenye benchi anasubiri gari, na barua ingechukua wiki. Ukikuta njia ya mkato kama hiyo, ujue hapo ndipo mfumo wako unapohitajika kwanza, na ujue pia mfumo huo una mshindani: usipokuwa wa haraka kama WhatsApp, WhatsApp itabaki.

Mara nyingi utakuta pia daftari binafsi, lenye jalada gumu, ambalo mhudumu hununua kwa hela yake. Ndani yake kuna namba ya simu ya shangazi, jina la mwalimu anayeaminika, na maneno kama "baba amekubali, babu bado." Liheshimu daftari hilo. Mambo yanayoandikwa humo ndiyo fomu rasmi ilisahau kuuliza.

Tarime ipi?

Sehemu hii itakula muda wako kuliko programu yoyote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Neno "Tarime" katika taarifa za serikali lina maana kadhaa. Kuna Wilaya ya Tarime. Ndani yake kuna halmashauri mbili, ya Wilaya na ya Mji, kila moja na mkurugenzi wake, mganga mkuu wake na takwimu zake. Ukikuta jedwali la kabla ya mwaka 2007, Tarime hiyo ina Rorya ndani yake, kwa kuwa zilikuwa hazijagawanywa. Polisi nao wana ramani nyingine: Tarime na Rorya ni mkoa wa kipolisi wenye kamanda wake, ilhali Serengeti iko chini ya kamanda wa Mara aliyeko Musoma. Bhoke akitoka Tarime akafikia nyumba salama ya Mugumu, Serengeti, amevuka mpaka wa halmashauri, wa wilaya na wa mkoa wa kipolisi, ingawa kwa gari ni safari ya saa chache tu. Akielekea upande wa pili na kupita mpaka wa Sirari, amevuka nchi, na huko Kenya pia ni Ukuryani, na ndugu zake wapo.

Misimbo ya maeneo nayo haikubaliani. Katika sensa Mara ni 20. Katika anwani za posta namba zake huanza na 31. Katika namba za shule za msingi za Baraza la Mitihani, Mara ni 09. Mtu akikuletea faili lenye safu iitwayo "msimbo wa mkoa" bila kusema msimbo wa nani, lirudishe.

Dawa yake ni jedwali moja la maeneo, na ulitengeneze kabla ya kugusa taarifa za mtu yeyote. Kila kijiji au mtaa una mstari wake. Andika jina kama lilivyo kwenye Tangazo la Serikali, kisha majina mengine ambayo wenyeji hutumia, kisha kata, halmashauri, wilaya, mkoa wa kipolisi, namba ya sensa na namba ya posta. Ongeza safu mbili ambazo watu husahau: tarehe eneo lilipoanza kuwa hivyo, na tarehe lilipokoma. Kata hugawanywa, vijiji huzaliwa. Usifute mstari wa zamani. Ufunge kwa tarehe, ufungue mpya. Vinginevyo takwimu za mwaka uliopita zitaonekana zimeporomoka, na mkuu wa idara atajieleza kwa jambo ambalo halikutokea.

Vituo vya afya visitambulishwe kwa majina. Wizara ya Afya ina rejesta ya vituo yenye namba ya kila kituo, tumia hiyo. Shule zina namba za Baraza la Mitihani. Usibuni namba yako mpya mahali ambapo ipo ya taifa.

Na ramani usiichukulie kuwa pambo. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map Tanzania wamekuwa wakichora vijiji na barabara kwenye OpenStreetMap, na Mara imekuwa mojawapo ya sehemu walizozitilia mkazo, kwa sababu waliokwenda kuokoa wasichana usiku walikuwa hawana ramani inayoonyesha njia ya kufika. Shirika la Hope for Girls and Women, linaloongozwa na Rhobi Samwelly na lenye nyumba salama Butiama na Mugumu, limetumia ramani hizo pamoja na fomu za ODK kwenye simu za wawakilishi wake vijijini. Kwa Afisa Wanyamapori alama ya GPS ni fedha kabisa: chini ya kanuni za mwaka 2011, kifuta jasho cha shamba hupanda kadiri shamba linavyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi, na ekari zinazolipwa hazizidi 5. Jina la kijiji peke yake halisemi shamba liko mita ngapi kutoka mpakani.

Bhoke yupi?

Sasa majina. Bhoke, Boke. Robhi, Rhobi, Robi. Ghati, Gati. Kwa wavulana Mwita, Chacha na Marwa ni wengi kiasi kwamba darasa moja linaweza kuwa na watatu, na Chacha Marwa wa ofisi moja akaandikwa Marwa Chacha ofisi ya pili. Binti mwenye hofu huenda akampa polisi jina la kanisani, akampa nesi jina la nyumbani. Umri hukadiriwa kwa macho.

Ungependa namba moja imfuate kila mahali. Kwa mtu mzima ipo: ya NIDA, yenye tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Lakini kitambulisho hicho ni cha mwenye miaka 18, na Bhoke ana 13. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kina namba, ila aliyetoroka usiku hakubeba cheti. Namba ya PREM anayo kama yuko shuleni, nayo humfuata akihama, lakini aliyeacha shule mapema anaweza asiwe nayo.

Kwa hiyo usichague moja na kuzitupa nyingine. Kila ofisi ibaki na namba yake, nawe utunze jedwali la kulinganisha: huyu wa jalada la polisi ndiye yule wa rejesta ya nyumba salama, ndiye yule wa PREM namba fulani. Katika kulinganisha, yape mambo uzito tofauti. Namba ya PREM au ya cheti ikilingana, karibu umemaliza. Jina la mama, kijiji na shule vikilingana pamoja, una sababu nzuri. Jina la kwanza na umri peke yake havithibitishi kitu. Gawa matokeo mafungu matatu: ndiye, siye, na huenda. Fungu la huenda lipitiwe na binadamu anayewajua watoto hao, kwa kawaida Afisa Ustawi, tena si mwishoni mwa siku akiwa amechoka.

Ukosee upande gani? Bhoke mmoja akiandikwa mara mbili, utahesabu vibaya na kumtembelea mara mbili. Bhoke wawili wakiunganishwa kuwa mmoja, wa kwanza akirejea salama kwao, kesi ya wa pili inafungwa naye bado anatafutwa na watu wasiomtakia mema. Heri nakala mbili. Na kila muunganiko uwe unaweza kutenguliwa, ukionyesha nani aliufanya na kwa ushahidi gani.

Mtu atapendekeza ukoo utumike kutofautisha majina. Ni kweli ungesaidia. Mimi nashauri usiuweke. Koo za Tarime zimewahi kupigana hadi watu kufa na nyumba kuchomwa, na orodha ya watu iliyopangwa kwa koo haipaswi kukaa kwenye kompyuta ya mtu yeyote.

Maneno yanayofanana na yasiyofanana

Waite polisi, ustawi, afya, elimu na nyumba salama kwenye meza moja, uwaulize maana ya "kesi imefungwa." Kwa polisi ni habari ya jalada. Kwa ustawi ni mtoto kurudi nyumbani na kufuatiliwa hadi pawe pametulia. Shuleni, aliyeko nyumba salama anaweza kuhesabiwa mtoro, hali wenzake wanamhesabu ameokolewa. Andikeni kamusi ya ukurasa mmoja, maneno yasiyozidi ishirini, na kila neno litiwe sahihi na mwenye nalo.

Angalia saa. "Alifika saa 2" ni saa ngapi? Simu inasema 02:00, mama mlezi anamaanisha asubuhi baada ya chai. Fomu iulize saa pamoja na usiku, asubuhi, mchana au jioni, kompyuta ibadilishe yenyewe. Angalia mwaka: bajeti huanza Julai, shule huanza Januari. Angalia pia sifuri. Kijiji kilichoandika 0 kimesema hakuna tukio. Kijiji kilichoacha wazi hakijasema kitu. Ukivijumlisha pamoja, kijiji kinachoficha ndicho kitaonekana bora kuliko vyote. Hili si jambo dogo katika mkoa ambao utafiti wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ilhali nchi nzima ilikuwa asilimia 10.

Kisichopaswa kuungana

Hapa ndipo naogopa zaidi, na ningependa nawe uogope. Ofisini kwako kuna mtu mwenye shangazi ambaye ni ngariba. Si tuhuma, kijiji ni kijiji, wote ni ndugu. Mfumo unaompa kila mwenye nywila uwezo wa kuona Bhoke amelala wapi usiku huu umemrudisha kwa wale aliowakimbia.

Kwa hiyo pitisha jibu, jalada libaki lilipo. Mwalimu mkuu anahitaji kujua kwamba mwanafunzi yuko chini ya uangalizi halali na asifutwe, mahali alipo hahitaji kupajua. Hospitali inahitaji kujua nani ana idhini ya kumsemea. Matokeo ya daktari yanahusu hospitali, polisi na mahakama, na hayana kazi shuleni. Mganga mkuu na mkoa wanahitaji idadi, na ndivyo DHIS2 inavyotumika katika taarifa za MTUHA za kila mwezi: vituo hupeleka hesabu, majina hubaki kituoni. Alama ya GPS ya mahali mtoto alipo isiwe kwenye ramani yoyote ya pamoja. Kila anayefungua taarifa zake aache alama ya jina na saa, na mtu mmoja azisome alama hizo kila wiki.

Sheria inakubana pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo kazini. Kabla ya kuhamisha jina moja, andika unalihamisha kwa kusudi gani, kwa msingi gani wa kisheria na litakaa muda gani. Nyumba salama zinazoendeshwa na mashirika, kama ile ya Masanga au ya Mugumu, si idara za halmashauri. Makubaliano nazo yawe ya maandishi, yakisema pia kile ambacho halmashauri haitaomba.

Bomba lenyewe

Sasa kompyuta. Ukiona nimechelewa kufika hapa, ni kwa makusudi. Mifumo ya serikali hubadilishana taarifa kupitia GovESB, inayosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, nayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ndiyo inayoongoza ujenzi wa mifumo hiyo. Usinunue programu ya kuunganisha kutoka kwa mtu aliyekuja na kompyuta mpakato kabla hujawauliza.

Idhini ikichelewa, usikae bure. Faili moja lililofungwa kwa nywila, likipelekwa kila Jumatatu na mtu anayejulikana, likihesabiwa linapotoka na linapofika, ni muunganiko tayari. Majina yaliyotoka 14 yafike 14. Yakifika 13, ofisi zote sita ziache kazi nyingine zimtafute wa 14. Fomu za simu zijazwe bila intaneti na zitume zenyewe mtandao ukipatikana, kwa kuwa mabonde ya Ukuryani hayana mnara kila upande, na karibu na Sirari simu hudaka mtandao wa Kenya na kula salio. Weka fedha za bando kwenye bajeti. Mhudumu asiyelipwa bando atatuma taarifa siku akiwa na lake.

Kila safu iwe na mwenyewe mmoja. Tarehe ya kuzaliwa ikigongana, nani ana neno la mwisho? Mahali alipo mtoto, nani pekee anaruhusiwa kubadilisha? Andika cheo wala si jina, maana watumishi huhamishwa, na aliyekuwa anajua kila kitu anaweza kupata barua ya kwenda Mtwara wiki ijayo. Kila cheo kiwe na wa pili anayejua kazi. Na siku mradi wa mfadhili ukiisha, nani anamiliki seva, nani analipia? Jibu hilo mlipate kabla ya uzinduzi, mkurugenzi akiwa kikaoni.

Kipimo changu ni kimoja, nacho ni Jumatatu ya kwanza shule zinapofunguliwa Januari. Chukua orodha ya wasichana wasiorudi darasani katika kata tatu. Keti na Afisa Ustawi, taja jina moja moja, uhesabu ni wangapi unaweza kusema wako wapi na nani anawaangalia bila kuinua simu. Mwaka wa kwanza utapata wachache. Andika idadi ukutani, kisha inua simu kwa waliobaki, na ambaye simu haikumpata, omba gari.